Karatasi Nyekundu Kwenye Ghala la Mama Magunia

Mama Magunia alifika kazini asubuhi akakuta karatasi nyekundu imebandikwa kwenye mlango wa ghala lake: mahindi yana fukusi, yachomwe moto kesho saa sita mchana. Sahihi ya chini ilikuwa ya yule mtaalamu wa milio ya wadudu.

Damu ikamchemka. Wiki tatu nzima mtu huyo alikuwa amekalia kigoda chake akiuliza maswali, naye, mwanamke aliyeanza na debe moja hadi akamiliki ghala, akamjibu yote. Akamwonyesha hata anavyolaza sikio juu ya gunia kabla ya kupatana bei.

"Hivi kweli, baba," alimuuliza siku moja, "mtu mzima unasomea miaka minane namna mdudu anavyotafuna?"

Mtaalamu alicheka, akachomeka sindano ya chombo chake guniani, akamvisha visikilizio. Fukusi aliye ndani ya punje, akamweleza, hutafuna, akatulia, akatafuna tena. Mama Magunia alisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Leo alijiona mjinga.

Alimkuta ofisini kwa meneja wa soko.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo. Nani alikuruhusu kupima ghala langu sipo?"

"Mlinzi alinifungulia. Mama, chombo hakina upendeleo."

"Ulikichomeka wapi?"

"Magunia ya chini, kila safu."

"Inuka, twende. Na wewe meneja."

"Mimi nina kikao, mama."

"Kikao hakichomwi moto. Twende!"

Ghalani aliwaamuru wapagazi washushe magunia matatu ya chini kutoka kwenye chaga za mbao, wayaweke sakafuni. Mtaalamu akachomeka sindano ya chombo chake. Kimya. La pili, kimya. La tatu, kimya. Mama Magunia akamnyang'anya sindano, akaikita kwenye chaga yenyewe. Visikilizio vikakwaruza bila kupumzika.

"Hao wanatulia saa ngapi, daktari?"

Mtaalamu akavishusha visikilizio shingoni. "Ni wadudu wa mbao."

"Miaka minane!"

Meneja akanyoosha mkono aibandue karatasi.

"Usiguse! Imesomwa na soko zima. Ataibandua yeye, saa nne watu wakijaa, na aseme kwa sauti alipokosea."

"Mama, naomba radhi…"

"Radhi nimepokea. Bei yangu haijashuka."

Saa nne mtaalamu alisimama mlangoni, akaibandua karatasi, akanong'ona kwamba alipima chaga akidhani anapima mahindi.

"Sauti!" Mama Magunia alifoka. "Ulipoandika hukunong'ona."

Akarudia kwa sauti. Watu wakaguna, mmoja akacheka. Lakini ng'ambo ya njia, mwenye kinu, mteja wake wa miaka yote, alikuwa ameshapakia magunia ya jirani, na lori lilikuwa linaondoka.

"Unaliona lile lori?" Mama Magunia akamsukuma mtaalamu begani. "Yule hajakusikia. Kimbia!"

Mtaalamu akakimbia, karatasi mkononi, visikilizio vikimpigapiga kifuani.