Mkia wa Kamongo

Harufu ya udongo mkavu ukilowa hunirudisha Mashimoni, kwenye chumba chetu cha mabati, siku baba mdogo alipotoka ziwani na donge la matope yaliyokauka ndani ya gunia. Alilitia kwenye karai la maji. Donge likalainika, na kamongo, samaki wa matopeni, akajikunjua, mzima. Majirani wakajaa mlangoni.

“Dimbwi likikauka anajichimbia chini, anajifunika ute, analala mpaka mvua irudi,” baba mdogo akasema.

“Na anakula nini?” nikamuuliza.

“Anajila mwenyewe. Nyama ya mkia.”

Mama akampika, majirani wakiwa bado mlangoni. Kwa watu wetu kamongo ni wa wanaume tu, kwa hiyo baba mdogo alivuta sufuria upande wake. Mama akairudisha.

“Shem, hiyo si ya wanawake.”

“Wakati kazi zilikauka niliwaambia nimeshiba, ndio nyinyi mle. Nilikuwa najila mwenyewe. Huyu ni wangu kuliko wako.”

Akamega mkia, akatafuna polepole akimtazama baba mdogo, kisha akanipa mimi, bintiye, kipande kilichofuata.

“Kula,” akaniambia. “Na usiangalie mlango.”