Ngui Huondoka Mwisho

Mamangu hali bila wimbo. Kila asubuhi uji ulikuwa unapoa mbele yake huku akiutazama kama uji wa jirani, na mimi nikimbembeleza, nikimgombeza, nikimbembeleza tena, hadi siku moja nikachoka kabisa na kuanza kuimba kivyangu wimbo wa mawe. Mkono wake ukainuka. Kijiko kikaenda mdomoni kikarudi, polepole, kwa mwendo ule ule wa wimbo, mpaka bakuli likawa tupu. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko, kwa furaha au kwa uchovu, sijui.

Wimbo wa mawe ni wa kazi. Huku kwetu Mwala mito yetu ni mchanga karibu mwaka mzima, na maji yako chini ya mchanga huo. Ili mchanga usichukuliwe na mafuriko, hujengwa ukuta wa mawe kukingama mto. Mawe ya ukuta wetu yalitoka juu mlimani. Wanawake walijipanga mstari kutoka huko hadi mtoni, jiwe likapita mkono kwa mkono. Kazi ya pamoja namna hiyo tunaiita mwethya, na anayeongoza nyimbo zake ni ngui. Ngui wa kikundi chao alikuwa mama. Akiuharakisha wimbo, mtu angepondwa vidole; akiulegeza, jiwe lingelala mikononi mwa mtu mmoja mpaka kiuno kimkatike. Hakuwahi kuuharakisha wala kuulegeza, na ukuta ule bado umesimama.

Mimi sikuwahi kusimama kwenye mstari ule. Nilikuwa mdogo, naachwa nyumbani nipike na kuangalia mbuzi. Lakini nilipoenda kushona suruali katika kiwanda kimoja Athi River, wimbo huo ndio ulionishikia cherehani. Msimamizi alikuwa na mdomo mchafu, na akianza kutukana nyuma yangu, mimi niliimba moyoni, mfuko unapita, mshipi unapita, jiwe linapita. Wenzangu waliniuliza nawezaje kunyamaza. Nilikuwa sipo pale.

Niliacha kazi hiyo kichwa cha mama kilipoanza kumtoka. Kwanza alisahau sufuria motoni, jambo ambalo hata mimi nalifanya. Halafu akasahau kwamba baba alikufa, ikawa lazima nimpe habari ya msiba upya, mpaka nikaamua kusema yuko sokoni Tala, atarudi. Halafu akaniita kwa jina la dada yake marehemu. Hilo lilinikata. Daktari alisema hakuna dawa ya kuirudisha akili, kuna kumtunza tu. Kakangu, anayefanya kazi Nairobi na kuishi Syokimau, alikuja na mkewe, wakakaa kwa kiti cha mgeni wakinishukuru kama mfanyakazi.

Kisha mama akapotea mara ya kwanza. Alipatikana kando ya barabara ya lami, amevua viatu, na mtu wa boda akamrudisha. Kakangu alinipigia simu jioni hiyo.

"Sasa sikiza," akaniambia. "Akipotea tena nakuja kumchukua. Hapa kwangu kuna geti, kuna askari, kuna grili kwa dirisha. Siwezi kaa nikingoja kuambiwa mama amegongwa na lori."

"Atakaa ghorofani akiangalia nini?"

"Atakuwa hai. Si ndio tunataka?"

Alikuwa amesema kweli, na nilimchukia kwa sababu hiyo. Nilijua pia kwamba mama akitolewa katika boma lile, kile kidogo anachokijua, mlango, jiwe la kusagia, sauti za watu njiani, kitabaki nyuma. Basi nikashikilia nyimbo. Niliamini nyimbo ndizo kamba iliyomfunga kwangu. Kuoga, niliimba. Kuvaa, niliimba. Akianza kuzunguka chumba akiuliza baba yuko wapi, niliimba, naye akakaa. Nilijiona nimepata dawa ambayo daktari hakuwa nayo, na nilijivuna kidogo.

Siku moja, tukichambua maharagwe nje, mama mwenyewe akaanza wimbo ambao sikuwa nimeusikia tangu utotoni. Akasimama kabisa, akatazama upande wa mto, na sauti ikamtoka ile ya zamani, ya kuvuka bonde. Haraka nikachukua simu nikamrekodi. Huo ulikuwa wimbo wa alfajiri. Nikiwa mtoto niliusikia nikiwa ndani ya blanketi, mama akipita ukingoni mwa mto, sauti ikienda ikipungua, nami nikijikunja na kulala tena. Hakuna wimbo niliowahi kuupenda kuliko huo. Kwangu ulimaanisha kuna joto, hakuna kazi bado, mama yuko karibu.

Kesho yake asubuhi maji yaliisha. Nilitaka kukimbia kisimani na punda, nirudi upesi. Nikamkalisha mama mlangoni, nikaweka simu juu ya kigoda, nikauwasha ule wimbo kwa sauti ya juu, ujirudierudie. Nilisema moyoni, atatulia kama nilivyokuwa natulia mimi.

Niliporudi, simu ilikuwa ikiimba peke yake. Kiti kitupu. Karai la kubebea mchanga, lililokuwa limeegemea ukuta wa jiko, halikuwepo.

Niliizima simu, nikaichomeka kiunoni, nikaita. Nilizunguka choo, zizi, shamba la mbaazi. Nilikimbilia barabarani kwanza, kwa sababu huko ndiko alikopatikana mara ile, na watu wa boda wakaniambia hawajamwona. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Nilirudi kupitia kwa jirani yetu, bibi mkubwa kuliko mama, ambaye kila mtu humwita susu, yaani nyanya. Ni mmoja wa wachache waliobaki wa kile kikundi.

"Susu, umemwona mwaitu?" Ndivyo tunavyomwita mama.

"Wewe ndio unaniuliza? Si mmeitwa mwethya asubuhi? Hata mimi nimeshtuka, nikaanza kutafuta jembe."

"Hiyo ilikuwa simu. Nilimuwekea tu wimbo atulie."

"Atulie? Ule ni wimbo wa kuita watu kazi. Ukiusikia unatoka, hata kama uko na mtoto kwa titi. Umeita mtu mwethya halafu unataka akae kwa kiti? We mtoto, uko na akili kweli?"

Nilisimama pale kama nimepigwa kofi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeusikia wimbo ule kutoka ndani ya blanketi. Uliomwambia mama ainuke ndio ulioniambia mimi nilale. Sikusubiri susu aseme zaidi. Nikateremka mtoni mbio, leso ikinidondoka njiani, nikaiacha.

Alikuwa pale ukutani. Amesimama mchangani miguu mitupu, karai miguuni pake, na pembeni rundo la mawe aliyoyaokota mwenyewe. Midomo imemkauka. Jasho limemchora mistari usoni. Nilifurahi, na papo hapo nikakasirika, nikataka kumkumbatia na kumfokea kwa pamoja.

"Mmechelewa," akasema, bila kuniangalia vizuri.

"Twende nyumbani, mwaitu. Jua litakuua."

"Nani amekupatia ruhusa? Kazi haijaisha."

Nikamshika mkono. Akauvuta. Nikamshika tena kwa nguvu, naye akanipiga begani kwa kiganja kilichojaa mchanga, akaanza kulia. Nikajaribu wimbo wa mawe, ule wa uji. Hapo ndipo nilipoona upuuzi wangu, maana aliposikia wimbo wa mawe aliinama akachukua jiwe. Kila wimbo niliokuwa nao ulikuwa wa kumweka kazini. Sikuwa na hata mmoja wa kumtoa.

Susu alifika kwa fimbo yake, akihema, na chupa ya maji kwenye kiondo. Mama alikubali kunywa kutoka kwake, si kutoka kwangu.

"Usimvute," susu akaninong'oneza. "Mwethya inaisha kwa ruhusa. Yeye ndiye anatoa. Wewe hukuwahi kuona kwa sababu ulikuwa nyumbani ukitupikia."

Akanieleza haraka haraka. Kazi ikiisha, hakuna aliyeondoka kiholela. Ngui alimwimbia kila mwanamke peke yake, akimtajia kinachomngoja nyumbani: wewe nenda, ng'ombe ana maziwa, wewe nenda, mzee wako amekaa mlangoni na njaa. Ilikuwa utani na ilikuwa sheria. Aliyeruhusiwa aliondoka asigeuke nyuma. Ngui alibaki hadi mtu wa mwisho, na yule aliyeruhusiwa kwanza ndiye aliyesimama juu ya njia na kumwimbia yeye, ili naye aende.

"Kwa hivyo tufanye kazi," susu akasema.

Tukafanya kazi. Wanawake watatu, mmoja na fimbo, tukapitisha rundo lile dogo kutoka mchangani hadi kwenye ukuta ambao haukuhitaji jiwe lolote. Mama aliongoza. Niliitikia. Mikono yake ilipokea jiwe na kulitoa bila kusita, na macho yake yalikuwa macho yake. Kwa muda huo mfupi sikuona ugonjwa wowote. Nilimwona ngui. Nikaelewa kwamba nyimbo hazikuwa zikimleta kwangu hata siku moja. Zilikuwa zikimpeleka huku, mahali ambapo mimi sikuwepo, na yeye alikuwa mzima.

Mawe yalipoisha akajifuta mikono kwa vazi lake, akaanza wimbo ambao sikuwahi kuusikia. Mzito kidogo, wenye kicheko ndani. Akamgeukia susu: wewe nenda, mbuzi wako wako kwa mahindi ya watu. Susu akacheka kwa meno yake machache, akageuka, akaanza kupanda mlima.

Kisha akanigeukia mimi.

Alinitazama usoni, akatafuta. Niliona akitafuta. Nilitaka kumsaidia, nimtajie jina langu, nimwambie mimi ni nani, lakini wimbo haukatizwi. Mwishowe akatabasamu kwa adabu, vile mtu anavyomtabasamia asiyemjua.

"Na wewe, msichana mgeni," akaimba, "asante kwa mkono wako. Nenda, mama yako anakungoja."

Nilibaki palepale. Juu ya njia susu akanipigia kelele, "Nenda! Usigeuke! Ukigeuka ataona ruhusa yake si kitu!"

Nikaenda. Nilipanda njia ile nikilia kwa sauti, bila aibu, huku nimempa mgongo mamangu peke yake mtoni. Simu ikalia kiunoni. Alikuwa kakangu.

"Mama yuko?"

Ningeweza kudanganya. Sikuwa na nguvu hizo. "Alitoka. Tumempata mtoni. Ni mimi nilimtoa bila kujua."

Nilijua anahesabu siku za kuja na gari. Ndipo susu, ambaye nilikuwa nimeshampita, akaanza kumwimbia mama kutoka juu: ngui, nenda, umetulisha wote, nawe nenda, jiko lako linawaka. Na kutoka chini, mbali, mama akaitikia.

"Ni nani huyo anaimba?" kakangu akauliza.

"Ni mama."

"Hiyo ni ya ruhusa." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wewe ukiwa jikoni, mimi nikiisikia nilikuwa najua anakuja. Nilikuwa nakimbia kumngoja kwa njia." Akapumua. "Nitakuja Jumamosi. Tutaongea. Sijui, lakini tutaongea."

Nilikimbia njia ya mkato ili nifike kwanza. Nilichochea moto, maana ilikuwa imeimbwa kwamba jiko linawaka. Nikapasha muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, yaliyopikwa na maharagwe, nikanawa uso. Mama akaingia nyuma ya susu, mchovu, karai mkononi, akakaa kitini pake na kunyoosha miguu kama mtu aliyemaliza kazi yake. Susu akamwekea mkono begani, akaenda zake kutazama mbuzi.

Nikampa sahani. Hakuhitaji wimbo. Alikula mwenyewe, kwa njaa ya kweli.

"Leo kulikuja msichana fulani kwa mwethya," akaniambia, akitafuna. "Mgeni. Sauti yake mbaya, lakini anajua kubeba jiwe. Alikuwa akilia. Nikamwambia aende kwa mama yake."

"Ulifanya vizuri."

Akaacha kula, akatazama mlangoni, wasiwasi ukimrudia. "Njia ni ndefu, na jua ni hili. Sijui kama alifika."

Nikachutama mbele yake nikaanza kumpangusa mchanga miguuni.

"Alifika, mwaitu," nikamwambia. "Mama yake alikuwa bado hajaingia, lakini yule msichana alimngoja."