Mkono Juu ya Mdomo

Jino langu la nyuma lilianza kuuma msimu wa kuvuna mwani, nikaliacha liume. Nilisukutua maji ya chumvi, nikalibana kwa karafuu, nikashinda majini na shavu limefura. Maumivu sikuyaogopa. Niliyemwogopa ni daktari wa meno wa Kilindoni, na woga huo ulikuwa umeshageuka chuki.

Miaka ya nyuma nilikuwa nimekwenda kwake mara moja. Alinilaza chali kwenye kiti chake, taa ikanichoma macho, kisha bila kusema neno akanibana mdomo na kidevu kwa kiganja chenye glavu ili nisichezeshe kichwa. Pumzi ikanikatika. Nikamng'ata kidole.

"Mwanamke mzima!" alipiga kelele. "Mtoto wa chekechea ana afadhali!"

Akaufungua mlango, walio kwenye benchi nao wasikie. Nikashuka kitini, nikaenda zangu. Niliporudi kisiwani kwetu Jibondo habari ilikuwa imenitangulia, na watu walikuwa wanacheka.

Hakuna aliyeuliza kwa nini nilimng'ata. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa juya, ule wavu mkubwa wa kukokota. Ilipokuja hifadhi ya bahari na juya likapigwa marufuku, alirudi nyumbani na hasira zake akazimalizia kwangu. Kila mara alinilaza chali, akanipiga, na kiganja kimoja alikiweka juu ya mdomo wangu, majirani wasisikie. Alipokufa watu walimtetea, eti kazi ilimpotea. Wanaume tele pale kwetu waliachishwa juya wakaenda kuvua kwa mishipi, na wake zao hawakuwa na alama mwilini. Utetezi huo sijaukubali mpaka leo.

Wifi yangu, dada yake huyo marehemu, chumba chake na changu viligawanywa na ukuta mmoja. Alikuwa anasikia. Asubuhi alikuwa akija kuazima mbuzi ya kukunia nazi, anaichukua, anaondoka bila kunitazama usoni.

Shavu lilipofura mpaka jicho likafumba, ni yeye aliyenipeleka Kilindoni, maana asingenipeleka watu wangemsema. Tulivuka kwa mashua hadi Utende, tukapanda pikipiki. Tuliposhuka mlangoni pa hospitali akanirekebishia kwa nguvu ukaya wa kanga niliojitanda kichwani, akasema, "Leo usitutie aibu."

Yule niliyemng'ata alikuwa amehamishwa. Mahali pake tulimkuta daktari mwingine, msichana mdogo, barakoa ameishusha kidevuni ili nimwone uso.

"Shikamoo mama."

Sikuitikia. Wifi akaitikia kwa niaba yangu, akaenda kuketi pembeni.

Daktari hakunilaza. Aliniacha nikae wima kwenye kiti chake. Alivuta kistuli akakaa, macho yetu yakawa sawa. "Kabla sijakugusa, mama, kuna kitu hupendi nikufanyie?"

"Napenda ung'oe jino niondoke."

"Ukiwa umelala au umekaa?"

Nilimtazama nikidhani ananidhihaki. "Nimekaa."

"Sawa. Kila ninachotaka kufanya nitakuambia kwanza. Ukinyanyua mkono, naacha papo hapo."

"Ndivyo mnavyosema wote," nilimjibu, ingawa hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

"Basi nijaribu."

Nikamjaribu kwa roho mbaya kabisa. Aliposogeza kioo kile kidogo, nilinyanyua mkono. Akaacha, akarudi nyuma. Alipotaka kuligusa jino, nikanyanyua tena, wala sikuwa nimeumia. Akaacha. Aliposhika sindano ya ganzi nilinyanyua mkono kabla haijafika hata karibu ya midomo. Nilitaka achoke. Nilitaka aseme lile neno la mwanamke mzima, nimtukane, nitoke. Aliiweka sindano chini, akangoja. Mwishowe mimi ndiye niliyechoka, nikamwacha anichome. Akaniambia ganzi itachelewa kushika kwa sababu ya usaha, kwa hiyo tusiharakishe.

Wifi akashindwa kuvumilia. "Daktari, huyu mshike tu kichwa. Anadeka."

"Hapa hashikwi mtu kwa nguvu, mama."

"Basi mtakesha."

Nusu ya mdomo ilikuwa imekufa ganzi, maneno yakatoka yakiburuzika, lakini yalitoka. "Kaka yako alinishika mdomo miaka yote, na wewe uko upande wa pili wa ukuta. Leo unataka na daktari anishike?"

"Marehemu hasemwi."

"Mimi namsema."

Daktari alimpa wifi mgongo. Aliniuliza mimi, "Unataka abaki au atoke?"

"Atoke."

Wifi alitoka akiubamiza mlango. Daktari akasubiri pumzi yangu itulie, kisha akasema, "Mkono wangu mmoja utashika taya, hapa chini ya kidevu. Mdomoni litaingia koleo peke yake. Nishike?"

"Shika."

Koleo lilipokaza nilinyanyua mkono, safari hii kwa maumivu ya kweli. Akaliondoa koleo mdomoni, akaniongezea ganzi. Tulipoanza tena, jino likatoka.

"Nimekuumiza?"

"Ndiyo."

"Pole sana, mama."

Hakujitetea. Nikauma pamba, nikachukua dawa, nikatoka bila asante. Nilikuwa na hasira naye kuliko niliyokuwa nayo kwa yule wa kwanza. Miaka yote nilijiambia kwamba jino haling'oki bila kubanwa, na kwamba mbovu ni mimi. Kumbe kuuliza kuliwezekana tangu mwanzo, ni watu tu hawakutaka kuuliza. Hilo liliniuma kuliko koleo.

Kwenye mashua wifi alikaa tezi, nyuma kabisa, mimi nikakaa omo, kule mbele. Tulipofika alishuka kwanza, akaenda zake. Jioni alimtuma mtu aje kuchukua sufuria lake lililokuwa jikoni kwangu, nikampa. Kuanzia hapo tukawa tunasalimiana mbele za watu tu.

Walipomsomea marehemu hitima ya kila mwaka nilitarajiwa nikapike wali kama kawaida. Sikwenda. Wanawake wakaja kuniuliza kama naumwa. Nikawaambia mimi mzima, ila sitaki, na nikawaeleza kwa nini, mlango ukiwa wazi.