Ungo wa Takwimu wa Mwalimu Goreti

Inatangazwa kwa taadhima kuu, kwa wakazi wote wa Nachingwea na Ruangwa, waliomaliza vyuo na sisi tuliotoroka kabla takwimu hazijatumaliza, kwamba tumepata mbunifu wa elimu ya mtandao. Jina lake Goreti. Vueni kofia. Mwenye kilemba abaki nacho, asimame tu.

Goreti alikulia Kilimarondo, akifukuza nyani kwenye mahindi ya baba yake, Mmakua aliyehamia kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 2008 alikuwa mkufunzi pale Nachingwea, kwenye kituo cha chuo kimoja kinachofundisha watu wakiwa makwao. Kituo kilikuwa na kompyuta tatu, na mbili zilifanya kazi mvua isiponyesha.

Mwaka huo wakubwa wa chuo wakahamishia kozi kwenye mtandao. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa herufi kubwa, "Elimu kwa Wote". Maneno yenyewe yalikuwa picha. Sasa Saburi, mwalimu wa shule ya msingi Ruangwa, haoni tangu utotoni, na kompyuta ndiyo iliyomsomea kwa sauti. Ilipofika kwenye "Elimu kwa Wote" ikatamka "picha", ikanyamaza. Ukurasa wa pili, picha. Somo zima la takwimu, picha za michoro. Na Saburi alishalifeli somo hilo. Akifeli tena chuo kinamfuta, na shahada inaishia hapo.

Goreti akaanza kuandika maelezo chini ya kila mchoro. Ya kwanza yalisema: "Mchoro unaonyesha mstari uliopinda."

"Mwalimu Goreti," Saburi akasema, "wewe unaniambia kuna mstari umepinda. Mimi nakuambia nyuma yako kuna ng'ombe."

Goreti akageuka. "Ng'ombe yuko wapi?"

"Uliko mstari wako."

Goreti akarudi kwake pamoja na Saburi, akakoroga uji mzito wa muhogo, akaupaka kwenye ungo, akabandika ufuta. Kila mbegu mwanafunzi mmoja: wenye alama ndogo kushoto, wenye kubwa kulia, rundo lote katikati. Saburi akapapasa, akacheka peke yake.

"Kumbe mstari uliopinda ndiyo hii kengele wanayoihubiri! Wengi tumerundikana hapa kati, huku pembeni vijitu vichache."

Ungo ukawekwa uani ukauke. Hapo msomi wetu alisahau kwamba ufuta uliokaa kwenye ungo uani, kwa kuku wa Nachingwea, ni chakula. Binti aliyeshinda nyani wa Kilimarondo akashindwa na tetea mmoja. Kesho yake Saburi alimkuta Goreti sauti imemkauka kwa kumkemea kuku, na mtihani ulikuwa wiki hiyohiyo.

"Kuku kala somo, mwalimu mwenzangu."

"Yamebaki mabaki? Lete."

Akapapasa polepole. Kushoto patupu. Vidole vikarudi katikati, vikaenda kulia, vikasimama.

"Waliofeli wameondoka," akasema. "Basi wastani umesogea kulia. Mwalimu, huyu kuku kaongeza ufaulu!"

Goreti akakaa chini, hapohapo kwenye vumbi. Alikuwa amefundisha mchoro ule miaka, na hakuwahi kuuona ukitembea. Aliyeuona ukitembea ni Saburi.

Goreti akaingia kituoni, akaacha kuelezea picha, akauandika upya ukurasa: "Chukua ungo. Bandika ufuta hivi. Papasa. Sasa toa mbegu za kushoto, papasa tena. Nini kimehama?" Maneno matupu, mepesi. Hata wanafunzi wa Chinongwe, waliokuwa wakingoja picha moja ifunguke mpaka chai inapoa, wakasoma bila kungoja.

Saburi akafaulu. Alipoulizwa swali la wastani kwenye mtihani, msimamizi aliona vidole vyake vikitembea juu ya meza tupu.

Mimi nami nikausoma ukurasa ule, nikaazima ungo wa mama, nikapapasa. Jambo lililonitoa chuoni likapita chini ya vidole vyangu kama mdudu mpole. Nikanyamaza. Wanaonijua watakuambia hilo si jambo dogo.

Kisha nikamfuata Goreti na hotuba yangu. Nikamwambia anastahili sanamu pale sokoni, na mbunifu mwenzake, yule tetea, apewe cheti mbele ya mkuu wa wilaya. Nikauliza tumpate wapi.

"Tulimla siku ya matokeo," akasema Goreti. "Alikuwa mgumu."