Mashudu ni ya Nani?

Juzi nilikuwa kwenye mashine ya kukamua alizeti hapa Unyambwa, mtoto mgongoni, roho juu, maana maziwa ya ng'ombe wetu yamepungua na mtoto anaishi kwa hayo hayo. Bila mashudu, yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa, ng'ombe hapati nguvu, na huku kwetu mashudu hubaki kwa mwenye mashine.

Redioni mgombea urais akasema, "Jasho la mkulima lirudi kwa mkulima! Hata mashudu ni yake!"

Basi sote tuliokuwa foleni tukaota. Mama mwenye kanga ya chama kile na babu mwenye kofia ya chama hiki wakagongesha viganja. Mafuta yalishuka taratibu kama asali, nami nikaona ndoo zinafurika maziwa. Mwenye mashine alishangilia kutushinda sote, "Huyo ndiye rais wangu!" huku koleo lake likivuta mashudu upande wake.

Nikajikaza. "Shikamoo baba. Naomba basi hata debe moja, ng'ombe wangu anakauka."

"Marahaba. Subiri aapishwe, mwanangu."

Wakacheka wote, na mimi jamani nikacheka. Ahadi hii inapendwa hata na anayepaswa kuitimiza, mradi isiwe leo. Mgongoni mtoto alikuwa ananyonya pindo la kanga.