Mwalimu wa Watoto wa Wenzake

Nazira alipomwacha mwanawe Zubeida mjini Palma akaenda kusomea ualimu, mtoto ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kujifunga kanga ya kuchezea. Babake alikwishavuka mpaka wa Tanzania zamani, akaoa Mtwara. Basi Zubeida akabaki na bibi yake mzaa mama, Mama Ancha, na Nazira akashika njia ya Mocímboa da Praia. Alijipa moyo kuwa masomo ni ya muda mfupi tu. Kwa mtoto mdogo, kumbe, hakuna muda mfupi.

Mwaka wa pili chuo kilimpeleka kujifunza kazi katika skola ya msingi ya hapo mjini. Asubuhi alivaa koti jeupe la walimu, akasimama mbele ya darasa la kwanza, watoto wamesongamana mikekani, Kireno wakikisikia kwake kama mluzi wa ndege mgeni. Mchana aligeuka mwanafunzi tena, koo limekauka kwa vumbi la chaki. Siku moja wakaambiwa waandike jinsi mtoto anavyoshikamana na mtu anayemlea. Nazira aliandika kwa wepesi uliomtisha mwenyewe. Kazi yake ikasifiwa mbele ya wenzake. Alirudi bwenini akajifunika kanga gubigubi.

Mwenye darasa alikuwa Professor Cosme, kama walimu wanavyoitwa huko, Mmakonde wa bara, mtu wa maneno machache. Yeye alikaa nyuma akimtazama Nazira anavyofundisha. Asubuhi moja binti mmoja, Elisa, alimwonyesha herufi alizoandika, akasema, "Mama, tazama." Darasa zima likacheka. Nazira alichuchumaa, akamshika Elisa mkono wenye penseli, wakaandika pamoja mpaka kengele ikalia.

Cosme alingoja watoto watoke.

"Dada Nazira," alisema, "leo umefundisha mtoto mmoja."

Ndipo Nazira akamweleza habari za Zubeida. Cosme akamruhusu aende Palma Ijumaa baada ya vipindi. Akamkumbusha tu kwamba Jumatatu walimu wa chuo wangekuja kumpima akifundisha.

Nazira alikwenda. Askari walisimamisha gari hapa na pale, na jua lilikuwa limekwisha kulegea alipoingia uani kwao. Zubeida alijibanza nyuma ya bibi yake, akachungulia, akatoa shikamoo ya mtoto aliyefunzwa kuwaamkia wageni. Kisha akauliza, "Mama, dada huyu analala hapa?"

Mama Ancha aliinamia ungo wa mchele.

"Sikumfundisha mimi kuniita mama, mwanangu. Ndivyo anavyosikia mnavyoniita."

"Najua, mama," alisema Nazira.

Jumamosi mtoto alimzunguka kwa mbali. Jumapili Nazira alitandika mkeka, akaweka karatasi zake ili aandae somo la kesho. Zubeida akasogea, akataka kujua anafanya nini. Alipoambiwa ni mambo ya kufundisha, aliokota kipande cha mkaa, akachora vijiti kwenye ukuta wa jiko, akaamuru Nazira akae vizuri. Nazira aliweka karatasi kando. Akafundishwa, akakaripiwa kwa kukosea, akaambiwa apenge kamasi. Mwalimu alipochoka alikuja mwenyewe kupakatwa, akasinzia hapo hapo, nywele zikinukia mafuta ya nazi. Miguu ilimfa ganzi Nazira, asithubutu kujisogeza. Upepo ulizipeperusha karatasi mpaka kwa kuku, naye akazitazama tu.

Alirudi Mocímboa bila somo, na Jumatatu akafundisha vibaya. Somo lilimponyoka, kipindi kikaisha watoto hawajafanya zoezi, na walimu wa chuo wakaamua arudie muhula ujao. Cosme alimfuata mlangoni.

"Mtoto alikujua?"

"Alinilalia," alijibu Nazira.

Cosme akatikisa kichwa kukubali. Hakumlaumu.

Muhula uliofuata alirudia, akafaulu, ila wenzake walikuwa wamekwisha kwenda vituoni kwao, naye bado ana masomo ya kumalizia. Alasiri, mwalimu akizungumza mbele, Nazira alikuwa akijikuta yuko Palma: saa hizi Zubeida anaogeshwa, nani anamsugua visigino, sabuni ikimwingia machoni anamlilia nani. Kisha aligutuka, akamuuliza jirani yake wamefika wapi, akainama kuandika yaliyompita.