Jani la Isale Ambalo Sikulishika

Sifa ni kwa Mungu, aliyenivumilia kwa muda mrefu kuliko mimi nilivyowavumilia watu wake. Kwa neema yake nayasema haya.

Mjukuu wangu wa kike ni muuguzi mjini Moshi, na siku za mapumziko huandika riwaya ya mazimwi kwenye simu. Jumamosi moja alipanda kijijini, akanikuta nakatia ng'ombe majani ya mgomba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Zimwi lako halijafa tu?"

"Bado. Babu wa Chekereni anakusalimia. Anaumwa, hasimami tena."

Huyo ni mdogo wangu. Nikasema salamu nimezipokea, nikaendelea kukata.

Kibarazani akanieleza kilichomleta. Wasomaji wake wanamcheka, wanasema hadithi ina tundu, inavuja. Zimwi lenye macho mia limekaa mlimani, limeuziba mfereji, watu wa chini wana kiu. Msichana anapanda kwa mfereji huo mkavu, mchana kweupe, mkononi ana jani la isale tu, na anafika mpaka mlangoni.

"Wanauliza, macho mia yalishindwaje kumwona? Na kama yalimwona, kwa nini hakuliwa?"

Kwetu Uchagani isale ni mmea wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Jani lake ni la kuombea msamaha pia. Ukishalipokea mkononi, huwezi tena kukataa.

"Lilimwona," nikasema. "Ila halikuamini kwamba amekuja na jani tu. Likageuza macho yote kutafuta jeshi lililo nyuma yake."

"Mzee wa kanisa mzima, mambo ya mazimwi umeyajulia wapi?"

"Nayajua."

Akacheka, akaanza kuandika.

Baba alipofariki, kabla ukoo haujaja kuonyeshwa mipaka, niling'oa masale ya mpakani nikayapanda hatua tatu ndani ya upande wa mdogo wangu. Aliona, akasema mbele ya wazee. Nikajibu kwamba mpaka uko pale baba alipouacha. Wakaniamini, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza sala. Akanitukana mbele yao, akahamia Chekereni kulima mpunga.

Baada ya miaka alimtuma mkewe na isale, kuomba radhi kwa lile tusi. Nikajiuliza huyu anataka nini. Mwizi ni mimi, na anayeomba msamaha ni yeye. Lazima pana hila. Nikamwambia shemeji, "Liweke pale kwenye kigoda." Sikulishika. Nilijua kwamba jani lisiloshikwa halijapokelewa. Likakauka pale pale, na wiki nzima nikawa nazunguka mpakani, natafuta atakapopenyea.

Nimefundisha kipaimara miaka mingi, na kila mara niliwaeleza watoto uovu kama kitu kinachonguruma. Wangu haukunguruma. Ulikuwa unasali kabla ya kula, na ulikuwa mwangalifu sana. Kitu kimoja tu haukuweza kukiwaza: kwamba mtu anaweza kuachilia bila kutaka kitu. Wasomaji wa mjukuu wangu wanaliita tundu la hadithi. Mimi nimeishi ndani ya tundu hilo.

Jumatatu nilikata jani kwenye yale masale niliyoyahamisha, nikashuka Chekereni. Mdogo wangu alikuwa kitandani, dirisha limefunguliwa kuelekea majaruba ya mpunga. Nikamwambia habari ya hatua tatu, na kwamba wanangu watayarudisha masale mahali pake.

"Najua ni tatu," akasema. "Nilizihesabu kabla yako."

"Nimechelewa."

"Umechelewa, kaka. Hata mpunga wa mwaka huu umeukosa, tumeshavuna."

Nikamnyooshea jani, akalishika. Akaliweka kifuani, akamwambia mkewe alete chakula.

Nilitegemea nitalia. Sikulia. Nilikuwa kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi. Unagusa, unajua ni yako, lakini husikii kitu. Nikala wali wake, nikanawa, nikashukuru kwa sauti. Wiki ya tatu alizikwa. Hata makaburini ganzi haikutoka. Naisubiri itoke, na wakati nasubiri namshukuru Mungu kwamba jani lilishikwa.

Nawe unayesoma, kama kuna jani linakauka kwenye kigoda chako, Mungu aupe mkono wako nguvu ya kulichukua, hata siku ambayo moyo wako hausikii kitu. Amina.